Mishipa iliyovimba miguuni: Tiba ipi inafaa?

Watu wengi wenye mishipa iliyovimba na kujipinda miguuni huivumilia kwa miaka mingi, wakidhani ni uchovu wa kusimama au dalili ya uzee.

Hata hivyo, mishipa hiyo ikiachwa inaweza kuharibu ngozi karibu na kifundo cha mguu, na hatimaye kusababisha kidonda kisichopona upesi.

Chanzo chake ni vali zilizomo ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu kwenye moyo. Vali zikilegea, damu hurudi chini na kutuama, na mshipa hutanuka.

Njia nne

Soksi za kubana hupunguza maumivu na uvimbe, lakini haziponyi. Zikivuliwa, damu hutuama tena. Mwenye ateri zilizoziba miguuni hapaswi kuzivaa kabla ya kupimwa.

Njia ya pili ni kuuziba mshipa kwa joto la leza au mawimbi ya redio. Mgonjwa hupigwa ganzi ya mguuni, na kwa kawaida hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Damu hupitia vena nyingine zilizo nzima.

Ya tatu ni sindano ya dawa iliyogeuzwa povu, na ya nne ni upasuaji wa kuung'oa mshipa, ambao mara nyingi huhitaji nusu kaputi.

Mwaka 2013 taasisi ya NICE, inayotoa miongozo ya tiba nchini England, ilipendekeza joto litangulie, kisha povu, na upasuaji uwe wa mwisho.

Utafiti wa wagonjwa 798 nchini Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, ulionyesha kuwa baada ya miaka mitano waliotibiwa kwa leza au upasuaji walikuwa na hali bora kuliko waliopewa povu.

Kidonda kisingoje

Kwa wenye vidonda, kuchelewa kuna gharama. Utafiti mwingine wa Uingereza, wa mwaka 2018, uliwahusisha wagonjwa 450, wote wakifungwa bandeji au soksi za kubana.

Nusu ya waliozibwa mishipa mapema walipona ndani ya siku 56, ikilinganishwa na siku 82 kwa waliocheleweshwa.

Wajawazito kwa kawaida hushauriwa kusubiri hadi wajifungue. Lakini mshipa unaotoka damu, au kidonda kisichofunga, ni sababu ya kumwona daktari bila kukawia.