Bakteria anayefyata mkia: somo la Johannesburg kwa friji zetu

Friji tunaiamini mno. Mortadela ikibaki tunairudisha ndani, jibini laini likifunguliwa leo linaliwa wiki nzima. Ni kweli, bakteria wengi hulala wakipata baridi. Lakini yuko mmoja, Listeria, ambaye baridi ya friji haimzuii. Anaendelea kuzaana, ingawa polepole.

Jina lake limetoka Johannesburg. Kwenye kona ya barabara za Hospital na De Korte, mtaa wa Braamfontein, palikuwa na taasisi ya utafiti wa tiba iliyoanzishwa mwaka 1912. Daktari wa hapo, J. H. Harvey Pirie, mwaka 1927 alieleza bakteria waliokuwa wakiua panya wa porini, akawapa jina la kumuenzi Joseph Lister, daktari wa upasuaji wa Uingereza. Mwaka 1940 jina hilo likarekebishwa kuwa Listeria.

Miaka 90 baadaye bakteria huyo akaitikisa Afrika Kusini yenyewe. Kati ya Januari 2017 na Julai 2018 walithibitishwa wagonjwa 1,060, na vifo 216 vikarekodiwa. Mkoa wa Gauteng, ilipo Johannesburg, ndio ulioumia zaidi. Zaidi ya wanne katika kila kumi walikuwa vichanga ambao hawajatimiza mwezi. Machi 2018 serikali ilitangaza chanzo: poloni, yaani soseji nene ya kukata vipande, ndugu yake mortadela, iliyotoka kiwanda kimoja cha mji wa Polokwane.

Sasa hebu tuitazame hila yake. Kwenye ubaridi, Listeria hujenga mikia myembamba mithili ya nyuzi, inayozunguka kama pangaboi la mashua. Kwa mikia hiyo huogelea, na humsaidia kujishikiza kwenye mashine za kiwandani. Akiingia mwilini mwetu, penye joto la nyuzi 37, aina nyingi za Listeria huacha kabisa kuijenga.

Anajuaje kwamba ameshaingia? Jeni ni maagizo ya kujengea. Mbele ya jeni za mikia hukaa protini iitwayo MogR, kama bawabu mlangoni, na akiwapo yeye jeni hizo hazisomwi. Kukiwa na ubaridi, protini nyingine, GmaR, humkamata bawabu na kumtoa mlangoni, basi mikia ikajengwa. Joto likifika la mwili, GmaR hupoteza umbo lake, mkono unalegea, bawabu anarudi kazini. Kwa hiyo GmaR ndiyo kipimajoto chake.

Na kwa nini afiche mkia? Kwa sababu kinga zetu zinaijua protini ya mkia. Wakiiona, walinzi wa mwili hupiga mbiu. Asiye na mkia hupita kimyakimya. Tena akishaingia ndani ya seli hauhitaji: huzitumia protini za seli yetu wenyewe zimsukume hadi seli ya jirani.

Hapo ndipo pana hatari kwa mja mzito. Mama anaweza kupata homa ndogo tu na maumivu ya mwili, akadhani ni mafua, kumbe bakteria ameshavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto. Dalili zinaweza kuchelewa hata siku 70, wakati chakula chenyewe kimeshasahaulika.

Dawa ya hila hii ni moto. Listeria hufa chakula kikipikwa vizuri. Mja mzito, mzee na mwenye kinga dhaifu wasile mortadela wala soseji baridi. Zipashwe mpaka zitoe mvuke. Maziwa mabichi, yawe ya ng'ombe, mbuzi au ngamia, yachemshwe kwanza. Friji iwe chini ya nyuzi 5, isafishwe, na nyama mbichi isigusane na vyakula vilivyo tayari. Na mja mzito akipata homa, hata ikiwa ndogo, aende kwa daktari, amwambie na alichokula wiki zilizopita.