Mbona Beetle ya Guka Haina Rejeta na Bado Inafika Mombasa?

Wasee wa ndai za zamani wakipanga kushuka Mombasa, swali huwa moja: nani atachemsha? Na kushuka si noma. Kurudi ndio kazi, karibu kilomita 480 za kupanda mpaka Nairobi.

Peugeot 504 rejeta ikivuja Tsavo, utaanza kuomba wenye matrela maji. Beetle haina hiyo stori. Injini iko nyuma, inapozwa na upepo wa feni tu. Usiicheke, VW ilibeba Safari Rally 1962.

Lakini chunga taa nyekundu ya chaji. Mkanda mmoja ndio huzungusha dainamo na feni, kwa hivyo ikiwaka ghafla, mkanda unaweza kuwa umekatika. Zima hapo hapo! Ukilazimisha ufike Mtito Andei, injini imeenda. Beba mkanda mwingine na spana.