KICHEFUCHEFU CHA MIMBA: MAMA ANAYEFANYA KAZI AFANYE NINI?



Wakati mimba ingali changa, ya miezi miwili ao mitatu, wamama wengi wanasikia roho kuchafuka. Wengine wanatapika. Kati ya wamama kumi wenye mimba, karibu saba wanapata shida hii. Lakini kazi haingoji: soko linafunguka asubuhi mapema, shamba linataka jembe, watoto wa shule wanangoja mwalimu wao. Kwa hiyo tunataka ujue namna ya kujisaidia kazini. Tena ujue ni siku gani unapaswa kuacha kazi na kuja mbio kwenye kituo cha afya.

JUU YA NINI ROHO INACHAFUKA?

Si uvivu. Si ulozi. Si alama kwamba unamchukia bwana yako, wala haionyeshi kama mtoto ni mvulana ao msichana. Ni kazi ya mimba yenyewe. Mwaka 2023 wenye elimu walionyesha kwamba mtoto tumboni na kondo lake wanatoa homoni moja inayoitwa GDF15. Homoni hiyo inaingia katika damu ya mama na kugusa fasi ya ubongo inayoleta kutapika. Mama ambaye mwili wake haukuizoea mbele ya mimba anaumwa zaidi. Basi usimcheke mwenzako anayeumwa, hata kama mimba yako wewe haikukusumbua.

Hesabu tangu siku ya kwanza ya damu yako ya mwisho. Mara nyingi kichefuchefu kinaanza karibu na juma la 6, na kinazidi karibu na juma la 9. Wamama wengi wanapata nafuu mbele ya juma la 16. Wachache wanaendelea mpaka juma la 20 ao kupita. Watu wanasema ni ugonjwa wa asubuhi, lakini unaweza kuja mchana na usiku vilevile.

TUMBO LISIKAE BURE

Wamama wanatuambia: «Sikule kitu, juu nitatapika.» Wanaenda kazini na njaa. Lakini tumbo tupu linazidisha kichefuchefu. Fanya hivi:

1. Jioni, weka karibu na kitanda kipande cha mkate mkavu, biskwiti, ao kiazi kilichopikwa na kufunikwa vizuri. Asubuhi ukiamka, kula kidogo ungali kitandani. Ngoja karibu dakika 15, ndipo uamke polepole.

2. Kula kidogo kidogo, mara tano ao sita kwa siku. Usingoje njaa kali. Bukari kidogo, ndizi, uji, karanga za kukaangwa: kula kile ambacho roho inakubali. Acha kwa muda vyakula vya mafuta mengi na pilipili.

3. Kunywa maji safi kidogo kidogo siku nzima. Usijaze tumbo maji wakati wa kula.

4. Tangawizi inasaidia wamama wengi. Kata vipande vidogo, chemsha katika maji, kunywa kikombe kidogo kidogo.

5. Ukitapika, suuza kinywa na maji. Ngoja nusu saa mbele ya kupiga meno mswaki, kwa sababu uchungu wa tumbo unalegeza meno.

UKIWA KAZINI

Chukua kifuko cha safari: chakula kikavu kidogo, chupa ya maji, kitambaa, na mfuko wa kutapikia. Ukiwa na mfuko karibu, hofu ya kuaibika mbele ya watu inapunguka.

Kama unauza sokoni, harufu ya makayabo ao samaki inaweza kukushinda. Omba mwenzako mbadilishane fasi, ao uuze mboga na unga kwa majuma machache. Kaa fasi yenye hewa. Ganda la ndimu lililokatwa, ukilinusa, linafunika harufu mbaya.

Kama unalima, kula kwanza, ndipo uende wakati wa baridi ya asubuhi. Jua likipanda, pumzika kivulini na kunywa maji. Usipulize dawa ya wadudu. Mwachie mtu mwingine.

Kama wewe ni mwalimu ao unafanya kazi ya biro, kaa karibu na mlango ao dirisha. Fundisha ukiwa umekaa kama unasikia kizunguzungu.

Wengine wanaficha mimba juu ya kuogopa kufukuzwa. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inakataza kumdai mwanamke anayetafuta kazi apimwe mimba. Inasema pia kwamba mama ambaye mimba yake haiendi sawasawa anaweza kusimamisha kazi kwa muda, na hiyo isihesabiwe kuwa sababu ya kumfukuza. Omba kwa munganga karatasi ya kushuhudia hali yako, umpelekee mkubwa wako wa kazi.

Na wewe baba, ukisoma karatasi hii: chota maji, washa moto, pika mwenyewe chakula chenye harufu kali. Kwa majuma machache hayo, ni msaada mkubwa.

DAWA: USIJINUNULIE

Miezi mitatu ya kwanza ndiyo wakati viungo vya mtoto vinapoumbwa. Tangu mwaka 1957 dawa moja, thalidomide, iliuzwa Ujerumani na kisha katika nchi nyingine. Wamama waliinywa juu ya kichefuchefu, na watoto maelfu wakazaliwa na mikono ao miguu mifupi. Iliondolewa sokoni Ujerumani mwaka 1961. Kwa hiyo usinunue vidonge vya kichefuchefu sokoni ao kwa mpita njia. Dawa nzuri ziko, kama vitamini B6, lakini muuguzi ao munganga akupatie.

Vidonge vya kuongeza damu vinaweza kuchafua roho. Usivitupe. Jaribu kumeza jioni, pamoja na chakula. Kama bado vinakusumbua, tuambie.

Wamama wengine wanatafuna udongo mweupe wa sokoni. Unaweza kuleta mayai ya minyoo na sumu ya risasi, tena unazuia mwili kupata chuma cha kuongeza damu. Heri tangawizi.

WAKATI WA KUJA MBIO

Sikia vizuri hapa, mama. Mimba inaleta kichefuchefu, lakini haileti homa. Mama mwenye mimba akitapika na mwili kuwaka moto, ao kutetemeka, ao kichwa kuuma sana, asiseme: «Ni mimba tu.» Inaweza kuwa malaria, na malaria inaweza kuua mama na mtoto. Kuja siku ileile tupime damu.

Kuja pia upesi kama:

– unatapika kila kitu, hata maji, siku nzima;
– mkojo ni kidogo na mweusi-mweusi, ao haupati mkojo kwa saa 8;
– unaanguka ao unazimia ukisimama;
– umepunguka uzito: kwa mama wa kilo 60, kilo 3 ni nyingi;
– unatapika damu, tumbo linauma sana, ao damu inatoka chini;
– macho yamekuwa ya manjano.

Njiani, kunywa maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko: litre 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Hospitalini tutakutia serumu ikiwa lazima.

KUMBUKA

Usingoje tumbo lionekane. Tangu 2016 Shirika la Afya Ulimwenguni linashauri mama aonekane mara 8 wakati wa mimba, na mara ya kwanza mbele ya juma la 12. Ndiyo majuma yaleyale ya kichefuchefu. Basi roho ikianza kuchafuka, ihesabu kuwa ni kengele ya kukuita kliniki.

Maswali ya kuzungumza pamoja:
1. Juu ya nini si vizuri kwenda kazini na tumbo tupu?
2. Utajua namna gani kwamba kutapika si kwa mimba tu?
3. Nani nyumbani kwako anaweza kukusaidia, na utamwambia lini?