Wa Kwanza na wa Mwisho: Rekodi za Muziki Kutoka Ziwa Letu

Kwa wingi wa waamuzi, sioni shindano la kuishinda Bulabo, sikukuu ya ngoma ya Wasukuma. Kila Juni huko Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza mjini, makundi mawili ya ngoma, Bagalu na Bagika, hucheza kwa wakati mmoja, kila kundi upande wake, na linalovuta watu wengi ndilo lililoshinda. Hakuna jaji mezani. Ukihama, umepiga kura.

Rekodi nyingine ziko ng'ambo ya Ziwa Victoria, kule meli ya MV Umoja inakopeleka mabehewa, Port Bell nchini Uganda, upande wa ufalme wa Buganda.

Ngoma zinazoimba kuliko zote ni entenga ya Kabaka, mfalme wa Buganda. Ni ngoma 15 kwa wapigaji 6: wanne hushughulikia 12 zilizowambwa kila moja kwa sauti yake, wawili hupiga zile 3 kubwa. Ukizisikia bila kuziona utadhani ni marimba. Ikulu yake ya Mengo ilikuwa pia na abalere, kikosi cha wapuliza filimbi, ambao hadi leo wana wimbo unaobeba jina lao, Omusango gw'abalere, yaani kesi ya wapuliza filimbi.

Siku mbaya kuliko zote ni tarehe 24 Mei 1966. Jeshi la Milton Obote, rais wa Uganda, liliivamia Mengo, Kabaka Mutesa II akakimbilia Uingereza, ala zikaharibiwa na wanamuziki wakatawanyika.

Linganisha na Ufaransa, ambako mpuliza filimbi Paul Taffanel alifariki mwaka 1908 kabla ya kumaliza kitabu chake cha kufundishia filimbi. Mwanafunzi wake Philippe Gaubert, mpulizaji, mtunzi na mwalimu, alikimalizia, kikatoka 1923. Mengo hapakuwa na kitabu. Elimu ilikaa vidoleni mwa watu, na watu hao walikuwa wamekimbia.

Ndiyo maana kwangu taji kubwa ni la walimu. Evaristo Muyinda, mwanamuziki wa ikulu aliyefanya kazi pia Makumbusho ya Uganda, alimfundisha marimba za amadinda kijana kutoka Vienna, Gerhard Kubik, aliyefika mwaka 1959. Kubik akawa mmoja wa wataalamu wakubwa wa muziki wa Afrika.

Ila ninayempenda zaidi ni Albert Ssempeke, mpuliza filimbi wa Kabaka. Temutewo Mukasa, mpiga kinubi wa ikulu, alipofariki, kinubi hicho, ennanga, kilikaribia kunyamaza kabisa. Ssempeke alikishika akiwa mtu mzima, akakijua, akakifundisha. Mwanawe, Albert kama yeye, anakipiga leo.

Wa mwisho ni Musisi Mukalazi. Kati ya wapigaji wa entenga wa ikulu alibaki yeye peke yake, mzee, wakati James Isabirye wa Chuo Kikuu cha Kyambogo alipomtafuta. Ngoma zikatengenezwa upya, vijana wakaketi naye, na mzee akaanza kuwafundisha, mkono kwa mkono.