Unga wa Mchele si Mmoja: Tazama Mbegu, Tazama Kinu

Mkulima wa mpunga, unapokoboa mpunga wako hupati mchele mzima peke yake. Hupata na chenga, yaani punje zilizovunjika, nazo huuzwa kwa bei ndogo. Wako wanaozitupia kuku. Lakini chenga zikisagwa vizuri hutoa unga wa vitumbua, vibibi, mkate wa kumimina na uji. Zikisagwa vibaya, mnunuzi atanunua mara moja tu, wala hatarudi.

Kwanza tazama mbegu. Ndani ya mchele mna wanga wa namna mbili. Namna moja huitwa amilosi, nayo ndiyo inayofanya wali uchambuke na kuwa mgumu ukipoa. Ya pili ni amilopektini, nayo hufanya wali unate. Mchele wa kunata unaoliwa Asia hauna amilosi ila kidogo sana. Basmati 370, ambayo sisi twaiita Pishori, ni ya katikati. Ziko mbegu nyingine ambazo amilosi yake hupita asilimia 25 ya wanga wote.

Unga wenye amilosi nyingi huganda ukipoa, na andazi lake hukauka upesi. Unga wenye amilosi kidogo hubaki laini, lakini kitumbua chake huweza kuwa teketeke na kunata. Kwa hiyo usichanganye chenga za Pishori na za BW 196 au IR 2793 katika gunia moja. Mama anayekaanga vitumbua akinunua unga ambao leo ni hivi na kesho ni vile, atapoteza mafuta yake, sukari yake na wateja wake. Nawe utapoteza mnunuzi.

Jaribu hivi nyumbani. Twaa vijiko viwili vya unga na vijiko kumi na viwili vya maji. Pika huku ukikoroga mpaka uive, mimina kikombeni, uache mpaka asubuhi. Ukiona umeganda imara, ni unga wa amilosi nyingi. Ukiwa bado laini na wa kunata, amilosi yake ni kidogo.

Pili, tazama kinu. Kusaga mchele mkavu ni njia ya haraka, na unga wake huwekeka. Lakini punje kavu ni ngumu: mashine huzipiga kwa nguvu, moto huzidi, na wanga huumia. Wanga ulioumia hunywa maji mengi, na unga ukibaki na chembe kubwa, kitumbua huwa na mchanga mdomoni.

Akina mama wa Pwani wanajua njia nyingine tangu zamani. Huroweka mchele usiku kucha, kisha huusaga pamoja na maji au tui. Punje iliyolowa ni laini, huvunjika bila kuumia, na unga wake ni mwororo. Hasara yake ni kwamba rojo hilo huchachuka upesi, tena maji yakimwagwa huondoka na sehemu ya vyakula bora.

Iko na njia ya katikati. Osha chenga, utoe mawe, uziroweke saa chache. Zichuje, uzitandaze juu ya kitambaa safi mpaka zisitoe maji, ndipo uzisage na kuchekecha. Unga huo ukitaka kuuweka, uanike mara moja mpaka ukauke kabisa, kwa maana unga wenye unyevu huota ukungu, na ukungu waweza kuwa sumu.

Na ukisaga mchele ambao haujaondolewa pumba, saga kidogo kidogo. Una chakula bora zaidi, lakini mafuta ya pumba huharibika upesi, na unga hunuka na kuwa mchungu.

Basi, kabla ya kuuza chenga zako kwa bei ya chakula cha kuku, tenga gunia moja la mbegu moja. Saga kiasi kidogo kwa njia hizi, umpe jirani yako anayepika vitumbua, umwulize ni upi atakaokuja kununua tena.