Filamu ndogo Barcelona: punguzo la kodi lawapita wadogo

Vijana wa kigeni wanaotangatanga Barcelona waliwahi kuwa mtaji mzuri wa sinema. L'Auberge Espagnole ya mwaka 2002, kuhusu wanafunzi wa nchi mbalimbali waliobanana katika nyumba moja ya kupanga, iliuza tiketi karibu milioni 3 nchini Ufaransa pekee. Watayarishaji wa kujitegemea bado wanakifuata kisa hicho, lakini hesabu zao zimekuwa ngumu.

Ofisa mmoja wa kuvutia wapiga filamu hurudia asilimia 30 kila anapoulizwa. Ni kweli Hispania huipatia filamu ya kigeni punguzo la kodi la asilimia 30 kwa euro milioni 1 ya kwanza ya matumizi yanayokubalika, na asilimia 25 kwa kinachozidi. Asilolitanguliza ni kwamba filamu hiyo lazima itumie angalau euro milioni 1 ndani ya Hispania. Filamu ya marafiki watano, chumba na paa la ghorofa haifiki huko, na ndiyo hasa inayohitaji msaada.

Mtayarishaji mmoja wa filamu za aina hiyo hafichi hasira yake. Anasema njia iliyobaki ni kutafuta mbia Mhispania ili filamu ihesabiwe ya huko, naye mbia hudai sehemu ya haki za mauzo kabla kamera haijawashwa. Hata punguzo likikubaliwa, hudaiwa kupitia hesabu za kodi za kampuni, ambazo kwa kawaida huwasilishwa Julai ya mwaka unaofuata. Wapiga picha na waigizaji hawasubiri Julai. Anakopa, riba inakula faida, kisha mnunuzi anamwuliza ni nani nyota wa filamu. Hana.

Visiwa vya Canary vina punguzo kubwa zaidi, ila kisa cha Barcelona hakipigwi huko Tenerife.

Jiji la Barcelona nalo limetangaza kutohuisha vibali vya nyumba zaidi ya 10,000 za kupangishia watalii baada ya Novemba 2028. Wakuu wanasema kodi za nyumba zitashuka. Huenda zikashuka, na wahusika halisi wa visa hivi wakapata pa kukaa. Lakini timu ndogo zimezoea kulala na kurekodi katika nyumba hizo hizo, na mtayarishaji wetu anahofia hoteli zitamgharimu zaidi. Kwa sasa anaandika kisa kingine cha Barcelona, chenye vyumba viwili tu.