Mapafu Kabla ya Misuli

Kijana aliyezoea kubeba viroba vya mawe kwenye maduara ya wachimbaji wadogo Ikungi hana shaka na mwili wake. Viganja vina sugu, na kiroba cha kilo 50 anakitupia begani huku akipiga soga. Akiomba kazi mgodini, hujiona ameshapita. Kisha anakabidhiwa mrija: avute pumzi hadi mwisho, apulize kwa nguvu zote, asiache hata kifua kikimkauka. Kimashine kidogo kinachora mstari. Hapo misuli haina la kusema.

Habari za vipimo hivi zimesogea karibu na wenyeji tangu 2023, mgodi wa dhahabu wa Singida ulioko wilayani Ikungi ulipoanza uzalishaji. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003 inataka mfanyakazi apimwe afya kabla ya kupangiwa kazi, kisha kila baada ya muda. Msimamizi ni OSHA, Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi.

Anayepimwa hashindanishwi na mwenzake. Mwili wake unalinganishwa na kazi. Dereva wa lori la mgodini huangaliwa macho, mfanyakazi wa karasha, mashine ya kusaga mawe, masikio na mapafu. Vumbi la mwamba wa dhahabu hubeba silika, ambayo ikivutwa kwa miaka huacha makovu mapafuni. Ndiyo silikosisi: haiponi, na hukaribisha kifua kikuu.

Lakini kupima peke yake si kinga. Afrika Kusini ilipima sana, tena kwa ukali. Zama za ubaguzi wa rangi, wachimbaji wapya waliingizwa kwenye vyumba vya joto wakapanda na kushuka vidato kwa saa kadhaa, ionekane nani atalimudu joto la chini ya ardhi. Mapafu yao baadaye? Mwaka 2019 ndipo mahakama ya Johannesburg iliporidhia suluhu ya fidia kwa waliougua silikosisi na kifua kikuu, kwa kazi za tangu 1965.

Kipimo nacho kina mipaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mwombaji kazi kwa ujauzito, ulemavu au VVU, labda kama kazi yenyewe haifanyiki bila sifa fulani.

Turudi kwenye ule mstari wa pumzi. Wengi huuona kama tiketi ya getini, wakishaajiriwa wanausahau. Lakini miaka mitano baadaye, kifua kikianza kubana na madai yakafika Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ndio utakaoonyesha pumzi ilikuwaje siku ya kwanza. Usipokuwepo, ni rahisi mwajiri kusema kijana alikuja na vumbi lake kutoka kwenye karasha la kwao.